Dada wa Saa Kumi

Jirani, yule fundi cherehani anayeshona mashuka yaliyochanika, anadai kwamba Jumanne saa tano asubuhi alimwona dada mtu kazini. Anasema alipeleka furushi lake kule kiwandani wanakofua mashuka ya hospitali, akachungulia kwenye ukumbi wa mashine kumsalimia shoga yake mmoja, na dada mtu alikuwa amesimama mbele ya roli ya kunyooshea, aproni kiunoni, akiingiza mashuka kwa mikono yote miwili huku akicheka na wenzake.

Jirani huyu anajulikana kwa kutia chumvi, lakini safari hii alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesema kesho huenda kutanyesha.

Dada mtu alimsikiliza akiwa amekaa sakafuni, anamenya viazi. Kiazi alikibana kwa magoti, kisu kikiwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukuwepo kuanzia kifundoni.

"Mikono yote miwili?" aliuliza.

"Yote, shoga yangu. Kidole kimoja tu kina plasta."

"Zamu gani?"

"Ya asubuhi."

"Hiyo ndiyo zamu yangu," dada mtu alisema. Kiazi kikamponyoka, kikabingirika hadi uvunguni.

Mdogo wake alikiokota, akakipangusa, akakimenya mwenyewe. Yeye alikuwa mfagiaji wa ofisi katika kiwanda hichohicho. Masomo yake yaliishia shule ya msingi, lakini hakuna kilichompita, na pale ofisini walimwita Jicho. Wiki ile bodi ya walioumia kazini ilikuwa imekataa ombi la dada yake la mkono wa bandia. Barua ilisema kwamba kwa mujibu wa ripoti ya mwajiri, mwombaji alipata mchubuko wa kidole na amesharejea kazini. Nyumbani walidhani bodi imechanganya watu. Sasa Jicho aliona kwamba bodi haikuchanganya chochote. Ilisoma kilichoandikwa.

Kesho yake, Jumatano, alifagia kama kawaida. Alipomaliza chini ya meza ya karani hakuondoka.

"Shangazi, nataka kuiona ripoti ya dada."

"Ya nini tena? Niliandika mimi, kwa vidole hivi. Ukurasa na nusu," alisema karani. Alikuwa mwanamke mfupi aliyebakiza miaka miwili kustaafu, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Aliifungua ripoti. Ilikuwa na mistari minne. Mchubuko wa kidole. Uzembe wa mfanyakazi. Amerejea kazini.

Karani alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Haya si maneno yangu," alisema. "Nani amekaa kwenye kiti changu?"

Swali hilo kompyuta haikuweza kulijibu. Mafaili yote ya kiwanda yalihifadhiwa mtandaoni, na hifadhi ile ilikumbuka kila toleo la kila faili kwa siku thelathini, pamoja na jina la aliyelibadilisha. Lakini ofisi nzima ilitumia akaunti moja, na akaunti hiyo iliitwa Ofisi. Neno la siri liliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa kioo, kila mtu alione. Meneja alisema akaunti nyingi ni vurugu. Kwa hiyo karani alipofungua orodha aliona matoleo saba, na mbele ya kila moja: Ofisi, Ofisi, Ofisi.

La saba halikuwa na haja ya kuitwa, lilikuwa kwenye roli tangu saa moja. Karani alibonyeza la sita.

"Hodi," ikasikika mlangoni, na dada mtu wa toleo hilo akaingia, kidole kimoja kimefungwa bandeji.

"Karibu. Saini kitabu cha wageni, mwanangu," karani alisema, akabonyeza la tano.

Kufika saa sita walikuwa sita kwenye benchi la ukumbini, wote dada yake Jicho, kila mmoja kama alivyoandikwa. Wa tano alikosa vidole viwili. Wa nne alikosa vitatu, na alishika simu asiyojua kuitumia, maana iliandikwa kwamba alikuwa anachezea simu. Wa tatu hakuwa na mkono, ila alipiga miayo mfululizo. "Nilikuwa nimesinzia," alisema kila alipotazamwa, akainamisha macho. Wa pili na wa kwanza walikuwa na mkono uliofungwa kwa shuka la hospitali, shuka limelowa upande mmoja. Ule umajimaji haukuongezeka wala haukukauka.

"Wa kwanza ndiye wa kweli," karani alisema. "Wa kwanza hajaguswa na mtu."

Jicho alimtazama wa kwanza. Hakuwa na viatu. Aproni yake ilikuwa na upande mmoja tu.

"Dada, mkono uliumiaje?"

"Sijafika huko," alijibu wa kwanza kwa upole.

Karani alijipiga paji la uso. Siku ile ya ajali, Jumatatu, alihifadhi ripoti saa tisa alasiri ikiwa nusu, akaenda kupokea simu ya hospitali. Aliporudi aliendelea, akamaliza saa kumi kamili. Aliyehifadhiwa saa tisa alikuwa amepewa jina, tarehe na jeraha tu.

Jicho akachuchumaa mbele ya wa pili, yule wa saa kumi. Huyu alikuwa na viatu vyote viwili, na pamba za mashuka zimemnasa nywelini.

"Na wewe, dada?"

"Chuma cha kuzuia mikono kilitolewa Ijumaa," alisema wa pili. "Meneja aliamuru kitolewe ili roli iende haraka. Watu wawili tulikataa kufanya kazi bila chuma, tukaonyeshwa mlango ulipo, tukarudi kwenye roli. Jumatatu saa nne shuka lilijikunja likavuta mkono. Nilipiga kitufe cha kuzimia mashine. Kilikuwa kimezibwa kwa gundi ya karatasi ili watu wasikiguse ovyo."

"Huyu ndiye," Jicho alisema.

Wala hakuhitaji kuambiwa nani aliandika hao wengine. Karani ni mfupi, kiti chake hukaa chini kabisa. Tangu siku iliyofuata ajali, Jicho alikikuta mara tano kimepandishwa hadi mwisho, na maganda ya karanga yamejaa katikati ya herufi za kompyuta. Aliyakung'uta yote mara zote tano. Hakusema, kwa sababu mfagiaji haulizwi, na sasa alijua amefagia ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Meneja alitoka ofisini kwake akimenya karanga. Alitazama benchi. "Mmekuwa wengi leo," alisema.

"Bosi, tunaomba urejeshe toleo la pili," karani alisema. Kurejesha kuliwezekana kwa namba inayoingia kwenye simu ya meneja peke yake.

"Chapisheni mkitaka."

"Likichapwa linaandikwa juu, 'Toleo lililopitwa.' Bodi hawalipokei, na wewe unajua."

"Najua."

"Kwani huyu anadanganya?" Jicho aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha.

"Nani amesema anadanganya? Chuma nilitoa mimi. Kesi nyingine?" Alipuliza maganda. "Ofisi inafuata toleo la mwisho, binti. Na toleo la mwisho lipo kazini. Liiteni, kama lina malalamiko tulisikie."

Wa saba akaitwa. Alikuja akijifuta mikono yake miwili kwenye aproni, mchangamfu, plasta safi kidoleni. Aliwatazama wenzake benchini bila kuwatambua.

"Sina malalamiko. Naushukuru uongozi," alisema. "Naomba nirudi, mashuka yanarundikana."

"Mnaona?" meneja alisema. "Mfanyakazi hodari. Hata mapumziko haendi."

Jicho alimtuma jirani fundi cherehani, aliyekuja kuchukua furushi, amwite dada yake nyumbani. Saa nane dada mtu aliingia, akasaini kitabu kwa mkono wa kushoto, polepole, akaenda kukaa moja kwa moja karibu na yule wa saa kumi. Hakuhitaji kuonyeshwa.

"Jeraha bado linauma?" aliuliza.

"Mimi ni wa siku ileile. Linauma vilevile. Wewe?"

"Limepoa. Ila vidole vinaniwasha."

"Vipi?"

"Ndivyo hivyo. Visivyokuwepo."

Wa saa kumi alitikisa kichwa. "Viazi nani anakumenyea?"

"Mwenyewe. Kwa magoti."

"Pole, mwenzangu."

"Pole na wewe."

Saa ya ukutani ilipogonga tisa, wa kwanza, yule asiye na viatu, hakuwepo tena. Hakusimama wala hakuaga. Kwenye kitabu cha wageni jina lake lilibaki, na nafasi ya saa ya kutoka ilikuwa tupu. Jicho akapangusa pale alipokuwa amekaa.

"Siku thelathini," karani alisema, akihesabu kwa vidole mara ya pili ajiridhishe. "Imefika leo. Hifadhi inafuta yenyewe, haiombi ruhusa ya mtu." Akatazama saa, kisha akamtazama wa pili, akainuka. "Saa moja imebaki."

Karani akamfuata meneja mara nne. Mara ya nne meneja alikuja, pengine kwa kuchoshwa. Alikaa kwenye kiti cha karani, akavuta chuma cha pembeni, kiti kikapanda hadi mwisho. Jicho alisikia mlio huo, akaujua. Kwenye kioo kulikuwa na toleo la pili, ukurasa na nusu, na chini yake neno moja: Rejesha. Simu ya meneja ilikuwa mezani, namba imeshaingia, inasubiri.

Saa kumi kasoro dakika tano.

Wa saa kumi alisimama mbele ya meza, ameushika mkono uliofungwa kama anayembeba mtoto. Dada mtu alisimama ubavuni mwake. Urefu mmoja, kovu moja juu ya nyusi. Nyuma yao Jicho na ufagio wake. Kutoka ukumbi wa mashine walisikia wa saba akicheka mzaha wa mtu, na roli ikiunguruma kwa haraka ileile, bila chuma.

"Bosi," alisema wa saa kumi, "ni kubonyeza tu hapo. Kidole kimoja. Unavyo kumi."

Meneja alimenya karanga. Akaisugua kati ya viganja, akapuliza, na maganda yakatua katikati ya herufi.

"Bonyeza, bosi," walisema dada wote wawili.

Meneja akatia mkono mfukoni, akatafuta karanga nyingine.