Injecteur Yenye Ilikatala Kutoka

Mimi niko mécanicien, fundi wa magari. Sisemi vile kwa kujisifu, nasema juu musikie vizuri aibu yangu iko kubwa namna gani. Kama ningekuwa muuza maharagi, batu bangenihurumia. Mais pale Mususa, ku Butembo, mbele ya garage yangu, kuko kipande ya turubai yenye niliandika mwenyewe na rangi nyekundu: ABDIAS, MUGANGA WA MOTEUR. Na gari ya huyu muganga ilikuwa inakohoa kila asubui, inatoa moshi mweusi mpaka mama wa jirani anaanua manguo akinitukana.

Siku zingine ningeiacha ikohoe. Lakini ile siku ya posho, Jumamosi, nilipaswa kuenda Beni kwa wazazi wa Jemima, kupeleka mbuzi ya kwanza ya mahari. Jemima anashonaka manguo hapa Mususa. Nilimupenda tangu siku nilimupelekea ovaroli yangu ashone mufuko, akaniuliza kama ile mafuta yote ni ya kutengeneza gari ao ni ya kukaanga samaki.

Baba yake, Papa Kitsa, haiko mutu wa maneno mingi. Aliniambia mu téléphone jambo moja tu: "Mimi sitafute tajiri. Natafuta mutu mwenye, siku ya mbio, hataacha mutoto yangu. Kuja nikuone. Nikikuona, nitajua."

Ku Beni, siku ya mbio, siku masasi inalia na batu banakimbilia mu pori, kila mutu anaijua, hakuna kuelezana. Nikamujibu: "Papa, kwa ile, lala tu muzuri." Voilà mudomo yangu.

Donc siku ya tano, Ijumaa, nikaamua kama siwezi kuingia kwa bakwe na ile moshi. Nitatoa injecteurs, nitazisafisha, nitazirudisha, kazi ya kumaliza mbele ya kula. Injecteur, kwa mwenye hajui, ni kile kitu kinatia mazutu, ile dizeli, mu moteur kidogo-kidogo, vile mama anatiaka chumvi mu sombe. Ziko ine. Na ile gari ni ya zamani sana. Tangu ifike Congo, sizani kama mukono ya mutu ilishazigusa.

Nikalegeza mabuloni yenye kuzikamata, nikavuta. Hapana. Nikatia petroli ya taa, nikangoja, nikavuta. Hapana. Nikagonga na nyundo pole-pole, kisha nikaacha ile pole-pole. Nikapasha moto, nikaunguza nyusi yangu moja, injecteur hata haikutikisika. Nikaanza kuziongelesha. Kwanza na heshima, kisha nikazitukana pamoja na wazazi wa wenye balizitengeneza.

Jirani yangu Phinées, naye mécanicien, akapita, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Abdias, acha kuua gari," akasema. "Legeza mabuloni kidogo tu, washa moteur, pumuzi yake yenyewe itazisukuma. Lakini uangalie, inawezaka kuruka."

"Ile naijua tangu zamani," nikamujibu.

Sikuijua. Alipogeuza mugongo, nikafanya vile-vile alisema. Moteur ikapiga, injecteurs zikakaa ndani kama bageni wenye bameona nyama ku moto.

Jua ilikuwa inashuka, mbuzi inalia, na nilikuwa bado kunyoa ndevu. Nikakasirika, nikakaza mabuloni tena: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale nafikia ya ine, Jemima akapiga simu kuuliza suruali gani nitavaa. Ile mazungumuzo ya suruali ilikuwa murefu. Ilipoisha, nikafunga capot, kile kifuniko ya moteur, na nikaenda kuoga. Suruali ilikuwa ya bleu, kama munataka kujua.

Kesho yake tukaondoka. Baba yangu mudogo Lévi, mwenye alipaswa kusema mu nafasi yangu juu kwetu kijana mwenye kuoa hajisemee mwenyewe mbele ya bakwe, alikaa mbele. Jemima alikaa nyuma na mbuzi. Ku kilima ya kwanza tu, sauti ikaanza mu capot: tsi, tsi, tsi.

"Abdias, nini inapiga vile?" Jemima akauliza.

"Ni turbo."

Ile gari haina turbo. Haijakuwaka na turbo hata siku moja.

"Haiko buloni umesahau kukaza?"

"Chérie! Mimi niko muganga."

Baba mudogo akaniangalia, akaangalia barabara, akaanza kusali rozari.

Tukafika. Bakwe balikuwa bamesimama mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yao, Papa Kitsa na koti, Mama Emérence na kitenge mupya, na nyuma ya nyumba kulikuwa shamba yao ya kakao. Baba mudogo akashuka kuanza salamu. Mimi nikaacha moteur inapiga, juu niliogopa ikizimika haitawaka tena mbele ya batu. Tena nikaongeza ujinga juu ya ujinga: nikakanyaga accélérateur kwa nguvu ili muzee asikie afya ya moteur.

PAAA!

Injecteur ya ine, yenye ilinikatala siku muzima ku Butembo, ilichagua kutoka pale. Iliruka, ikakata tuyau yake ya mazutu, ikagonga capot kwa ndani. Na ku Beni, sauti ya vile mutu haulize mara mbili. Mama Emérence alianguka chini, akaamuka, akapotea mu kakao. Papa Kitsa akamufuata. Baba mudogo, mwenye hatembeake bila fimbo, aliacha fimbo na akanipita.

Na mimi? Mimi mwenye nilikuwa nimekaa nyuma ya ile moteur? Bandugu, nilisahau kama injecteur iko mu dunia. Nikashuka, nikafungua mulango ya nyuma. Jemima akaninyooshea mukono. Nilimuona, tena vizuri. Nikapitisha mikono yangu juu ya magoti yake, nikabeba mbuzi, nikakimbia.

Nilikimbia muzuri sana. Mbuzi ilikuwa inalia mu sikio yangu, na mimi nilikuwa naiambia: "Usiogope, niko hapa." Baba mudogo alisikia. Butembo yote sasa inajua.

Nikajitupa chini ya miti ya kakao, karibu na wengine. Papa Kitsa akaangalia mbuzi. Kisha akaniangalia.

"Jemima iko wapi?"

Haya ilinishika. Nikasimama nirudi kumutafuta, na ni pale tukasikia sauti yake, bila haraka, anakuja katikati ya miti.

"Mutoke. Ni injecteur."

Aliishika na kipande ya kitenge juu ilikuwa bado na moto. Akaitupa mbele ya miguu yangu. "Turbo yako."

Hakuna mwenye alicheka. Papa Kitsa akapangusa majani ku koti.

"Nilisema nikikuona nitajua," akasema. "Nimekuona. Rudisha mbuzi yako Butembo."

Baba mudogo, mwenye kusema mu nafasi yangu, akaanza kutafuta fimbo yake mu majani. Angesema nini? Nilimupenda ule binti kuliko kitu yote, na nilimuruka juu ya magoti ili niokoe mbuzi. "Papa, iko haki," nikasema.

Mama Emérence alikuwa ametupa mugongo, juu mama-mukwe haangaliane na kijana mwenye kuoa mutoto wake. Alisema bila kugeuka.

"Kitsa. Siku tulikimbia kutoka Mangina, wewe ulibeba nini?"

"Mama Jemima, ile haiko maneno ya..."

"Ulibeba nini?"

Muzee akaangalia chini.

"Radio."

"Radio," Mama Emérence akasema. "Na haikukuwa hata na betri. Jemima nilimubeba mimi ku mugongo, na ndugu yake Shalom nilimuvuta na mukono. Ulitupata kesho yake, unalia, na radio ku bega. Nilikufukuza?"

Ule muzee mwenye niliogopa wiki muzima, nilimuona anapangusa macho na mukono ya koti, na mimi nikashindwa niweke macho yangu wapi.

Jemima alikuwa anamuangalia mama yake tu, hakuniangalia hata kidogo.

"Mama, wewe ulimusamehe siku gani?"

"Bado," Mama Emérence akajibu. "Ananipikiaka chai kila asubui. Na bado."

Jemima akachukua kamba ya mbuzi mu mikono yangu, akaivuta pole-pole kuelekea ku nyumba. Hakuniambia nimufuate. Nikamufuata.