Finjani ya Sajini Suud

Bastola ya Sajini Suud ilizeekea kwenye ala. Miaka yote aliyolinda vijiji vya Ibra, tangu barabara zikiwa vumbi tupu, silaha yake ilikuwa finjani ya kahawa. Akiingia nyumbani kwa mkorofi, akimiminiwa kahawa, huiweka mkekani asiinywe. Mwenyeji hujua hapo hapo: mgeni ana haja, na hanywi mpaka apewe. Aibu gani kubwa kuliko mgeni kuondoka bila kuonja kahawa yako? Wezi wa mbuzi walijisalimisha kwa finjani ile, na ndugu waliogombea maji ya falaji, mfereji wa mashamba, wakapeana mikono. Kuna mmoja ambaye Suud alikwenda kumkamata, akamwachia kwanza anyweshe mitende yake, na yeye mwenyewe akamshikia jembe. Ule ndio ulikuwa ulinzi, bwana, si huu wa kubonyeza simu.

Sasa kastaafu zamani na magoti yanamlalamikia, lakini wenye shida wangali wanamwita Sajini. Ndiyo maana Maulida, binti wa Tanga aliyevuka bahari kuja kufanya kazi za ndani kwa Hisham bin Thuwaini, alimjia asubuhi macho yamemvimba. Mama yake yuko mahututi, na Hisham kaifungia pasipoti yake kabatini. Mke wa Hisham yu karibu kujifungua, na Hisham anaogopa Maulida akienda harudi. Kituoni walimpokea vizuri, wakamwambia asubiri lalamiko lishughulikiwe.

"Shikamoo, babu," alisema Maulida. "Mama hawezi kusubiri."

Suud akafunga kilemba, akaenda. Marehemu Thuwaini alikuwa sahibu yake, na mwanawe alimpokea kwa heshima zote, akamtilia kahawa kwa mkono wake. Suud akaiweka finjani chini, akangoja.

Hisham akazungumza habari za mvua, kisha za bei ya mbuzi wa Idi. Kahawa ikapoa. Mwishowe kijana akaitupia jicho.

"Ammi, una sukari wewe? Wallahi kahawa hii haina sukari."

Akaichukua finjani iliyojaa, akaenda nayo jikoni kumletea maji.

Suud alisikia uchungu ambao hata siku ya kumzika Thuwaini hakuusikia. Amweleze? Ada ikishahitaji kuelezwa, imekufa. Akashika fimbo ainuke aende zake, halafu akamkumbuka Maulida, akabaki pale pale. Potelea mbali heshima yake, angeomba kwa mdomo.

Hakuwahi. Bibi Ghalia, mama yake Hisham, alitoka jikoni na ile finjani mkononi, mwanawe nyuma yake.

"Sajini anataka nini?" alimuuliza mwanawe.

"Hajasema kitu, mama."

"Kashasema. Wewe ndiye hukusikia." Akamgeukia Suud. "Sema, kaka. Umepewa."

"Pasipoti ya binti wa watu," alisema Suud. "Mama yake anakufa."

Hisham aliinamisha uso, akaenda kulifungua kabati. Aliporudi akaiweka pasipoti mbele ya mgeni, akasema taratibu kwamba hakujua kama mama wa Maulida yuko hali ile, maana hakumpa nafasi ya kumaliza maneno.

Bibi Ghalia akachukua dele, akamimina kahawa ya moto. Suud akanywa, na machozi yakamtoka mbele yao, hakuyaficha.

"Tumebaki mimi na wewe, Sajini," alisema bibi.

Hisham alikuwa keshatoka kuwasha gari, ampeleke Maulida uwanja wa ndege mwenyewe.