Mtu wa Misumari

Tabea aliacha ualimu wa shule ya misheni akaanza kula kwa uongo. Naomba nieleweke: alitunga riwaya. Aliinakili kwa mkono, sura moja moja, akaziuza Makambako pale yaliposimama malori. Kwa sura hizo alilipa pango, akanunua chumvi, akakataa wachumba. Dhambi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaudhi wazee wa kanisa.

Aliyesimulia riwaya alikuwa mwanamke: "Mimi nilimpenda mume wa mtu." Kwetu, mkosaji husimama mbele ya usharika na kusema "mimi nilifanya", ndipo arudi kwenye meza ya Bwana. Basi Mzee Anania aliisoma yote kwa uchungu wa kiroho, hata sura nyingine mara mbili, kisha akatangaza kwamba hiyo ni toba iliyouzwa sokoni badala ya kutolewa bure kanisani.

Tabea akatengwa. Wanunuzi wakatoweka, maana nani aonekane akinunua kwa aliyetengwa? Viazi bila chumvi vikamleta mbele ya madhabahu.

"Nilitunga tu, Baba Mchungaji. Hakuna mtu."

"Anaficha!" Anania akadakia. "Mtaje huyo mwanamume, binti. Mtaje!"

Tabea akawatazama wanaume benchi kwa benchi, kama anayechagua kuku wa kuchinja.

"Ni wewe, Mzee Anania."

Anania akaruka. "Mimi? Mimi Njombe huwa nakwenda kununua misumari tu!"

Kanisa zima likaguna. Maneno hayo hayo mwanamume wa riwaya alimwambia mkewe.

"Sura ya nne!" mama mmoja akalia.

"Ya tano," mchungaji akasahihisha, kisha akakohoa sana.

Tabea akasamehewa, Anania akatengwa. Kila alipokana, alikana kama kitabu. Watoto walimwachia misumari iliyopinda mlangoni, mpaka akahamia kibandani shambani.

Siku ya soko mkewe, Ema, akamfuata Tabea, macho mekundu.

"Kamwene, mwanangu," akamsalimu. "Niambie kweli. Ulimtunga?"

Neno moja tu lingemrudisha Anania nyumbani, na kumrudisha Tabea kwenye viazi bila chumvi.

"Soma sura inayofuata, mama."

"Humo mume wangu anarudi?"

"Wasomaji wanataka ateseke kwanza," Tabea akasema, akanyoosha mkono apokee senti zake.