Pampu Inajizima Yenyewe

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini pampu ya maji ya nyumba hii ya wapangaji sita nilikuwa naiendesha mimi, kwa kompyuta, kwa kidole kimoja.

Mjukuu wangu ndiye aliyeitengenezea programu. Haina picha wala madoido: kioo cheusi, unaandika neno, inatii. Pampu washa, maji yanatoka. Pampu zima, yanakatika. Asubuhi akienda kuzunguka kutafuta kazi, naachiwa mimi, naingia kwa jina la bibi. Mwenye nyumba alimwambia, "Ikienda vizuri mwezi mmoja, nakupa na kazi ya pampu za zile nyumba zangu nne." Mtoto alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi. Nilijua hilo. Naliandika mapema, msije mkanionea huruma.

Sasa, chumba cha pili anakaa mwalimu mstaafu. Tukikutana tu uani: "Hujambo, darasa la nne! Saba mara nane ngapi?" Watu wanacheka. Nami nacheka. Halafu namsubiri aingie bafuni aanze kuimba, maana akiimba ujue povu limeshafika kichwani. Pampu zima.

Mayowe yake yalinitosha kwa kifungua kinywa. Nikishashiba nawasha, kisha naandika futa, kioo kinabaki cheusi ti, kama sijawahi kukigusa. Wakiuliza, nasema, "Inajizima yenyewe. Mashine hizi!"

Wiki ya tatu mwenye nyumba akachoka. Jumamosi asubuhi kaja na bisibisi mkononi. "Binti, nionyeshe tatizo leo, la sivyo naking'oa hiki kisanduku chako cha kuwashia pampu ukutani, narudisha swichi yangu."

"Nimeongeza amri mpya, baba," mjukuu akasema. "Kila kinachoandikwa humu kilikuwa kinahifadhiwa tangu siku ya kwanza, ila hakukuwa na njia rahisi ya kukisoma. Sasa ipo. Inaitwa kumbukumbu."

Mimi na mdomo wangu mbele: "Haya, itoe, mchawi wetu ajulikane!" Si nilishafuta?

Akaandika. Kioo kilikuwa kimemwelekea yeye peke yake. Nikaona macho yake yanateremka mstari kwa mstari, yakafika chini, yakanyanyuka kwangu. Akaifunika kompyuta nusu.

"Kosa ni langu, baba," akasema. "Programu ina hitilafu. King'oe tu."

Nawaambia kweli: kwanza nilishusha pumzi. Nilifurahi. Bisibisi ikaanza kuzunguka, mtoto kasimama pembeni amekinga kiganja anapokea skrubu, kama mtu anayepokea rambirambi. Ilipotoka ya pili, uso wangu ukawaka kama nimeinamia jiko.

"Ngoja," nikasema. Nikaifunua kompyuta, nikaingia kwa jina langu, nikaandika kwa kidole changu kimoja, pampu kumbukumbu, nikaigeuza kwa watu. "Mwalimu, msomi ni wewe. Soma."

Akavaa miwani. "Jumatatu, saa moja na dakika kumi na mbili: bibi, zima. Saa moja na kumi na tano: bibi, washa. Saa moja na kumi na tano: bibi, futa." Akanitazama juu ya miwani. "Jumatano: bibi, zima..." Alizisoma zima zote kumi na moja, kwa sauti ile ile ya darasani. "Na huku kufuta-futa?"

"Nilikuwa nafuta ushahidi."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mjukuu hakucheka. "Futa inasafisha kioo tu, Bibi," akasema taratibu, kama unavyomweleza mtoto aliyejikojolea. Laiti angenitukana.

"Kumbe programu ni nzima, mbovu ni bibi," mwenye nyumba akasema, akazirudisha skrubu. Kazi ya zile nyumba nne alimpa.

Mjukuu hakuninyang'anya kazi, bado naendesha. Siku nyingine akitoka, naifungua ile kumbukumbu. Mstari wa Jumamosi upo: bibi, kumbukumbu. Huo nausoma bila kuinamisha kichwa. Ya juu yake naipita haraka. Naye mwalimu haniulizi tena hesabu. Siku hizi anaoga kimya, na ndoo iliyojaa pembeni.