Mtu wa Kuarifiwa

...jina halina shida, jina nimeshaliandika, Imakulata, mama mzazi, herufi kubwa kama walivyotaka, ni huu mstari wa chini yake, anwani ya mtu wa kuarifiwa endapo msafiri atafunikwa na theluji, na Urs, aliyerudi kwao Ulaya, amenitafsiria fomu nzima pembeni kwa kalamu ya risasi, Kiswahili chake kilekile cha miaka mitatu aliyofundisha nasi fizikia, ameandika usiogope rafiki yangu, ni kawaida, kila mtu anajaza... kawaida! Mtu kufunikwa na theluji, kawaida! Na Zamda ananitazama kutoka dirisha la posta, "Mwalimu, gunia la barua nalifunga, treni haiko mbali," ndiyo dada, dakika moja tu, na nyuma yangu mzee Lugembe, fundi baiskeli wa Chemchem, anaisubiri kalamu hii iliyofungwa kamba kana kwamba tungeiiba, "Mwalimu, kama ni mtihani andika jibu lolote," anacheka, nami nacheka, shikamoo mzee, nimeshamwamkia au ndiyo mara ya pili, marahaba, marahaba, mara ya pili basi, kichwa changu leo... anwani. Hadi mwezi uliopita ningeandika bila kufikiri, Imakulata binti Masele, ng'ambo ya reli, Igalula, barua apewe mkuu wa stesheni, basi, inafika, lakini tarehe kumi na sita Desemba lori la Operesheni linakuja, nyumba inaezuliwa, wanapelekwa kijijini, kijiji gani, nilimwuliza katibu kata mwenyewe, akasema ndugu Anselm, jina litapatikana watu wakishafika, kwa sasa andika Kijiji Namba Nne, Namba Nne ya wapi, akaitwa nje na dereva, hakurudi. Sasa niandike hivyo? Huyo Anton, kiongozi wa mlima, asimame kwenye baridi na fomu yangu mkononi, mimi niko chini ya theluji huko, asome Kijiji Namba Nne, atampigia nani telegramu, itafika kwa nani, ebo!

Na siendi kwa ulevi jamani, miaka kumi na moja nafundisha jiografia, nachora milima ubaoni, naichorea kofia nyeupe kwa chaki, nasema hapa ndipo theluji inapoanzia, mpaka yule mtoto wa kidato cha pili akanyoosha mkono, "Mwalimu, wewe umewahi kuigusa?" darasa zima likacheka, nikasema tuendelee, na jioni ile nikamwandikia Urs, nilitaka kuigusa tu, basi, kuishika mkononi, yeye ndiye akaja na habari ya wiki mbili, na kiongozi, na mbao za kuvaa miguuni, nauli juu yake, anasema ipo theluji ya unga, laini kama sembe, ukianguka huumii, siku ya kwanza tutafundishwa kusimama, ya pili kuanguka, kuanzia ya tatu tunamfuata Anton, mbao zako zipite palepale zilipopita zake, usimpite, usichepuke, maana pembeni upande mzima wa mlima unaweza kuachia ukaondoka na wewe... na huko ndiko wanakokwenda kupumzika! Mama alinihoji Jumapili, anapepeta karanga, "Mnapanda kufuata nini?" hatufuati kitu mama, tunapandishwa kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, kisha tunateremka, "Mkishateremka?" tunapandishwa tena, akauweka ungo chini, "Na mzigo?" hakuna mzigo, "Hakuna mzigo! Baba yangu Masele alikwenda Bagamoyo mara nne nyuma ya kirangozi wa msafara, pembe ya ndovu begani, akarudi na majora ya nguo, hakwenda hata siku moja mikono mitupu, wewe unaongozwa kwenda kuteleza?" akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga, mimi pia nikacheka, palikuwa pazuri sana pale Jumapili, kisha, bado anacheka, akaniuliza, "Siku ya lori utakuwepo?" nikasema nitakuwepo mama. Haraka hivyo. Nitakuwepo mama.

"Mwalimu!" naam Zamda, naandika, naandika... ilikuwaje nikasema vile, labda nilidhani tarehe zitasogezwa tena, si walisema Novemba, petroli ikakosekana, wakasogeza, wangeweza kusogeza tena, hapana, ngoja, tuweke sawa, Urs alinipa nafasi mbili, katikati ya Desemba au Pasaka, nikachagua Desemba kwa sababu ya likizo ndefu, na theluji ya Desemba ndiyo laini, yeye mwenyewe alisema, hilo halina ubishi, Pasaka theluji imechoka... lakini Pasaka nayo ina likizo. Na Masele hakuwa na likizo, mama aliniambia siku zote baba yake akiwa njiani bibi hakukubali hata mafiga yasogezwe, anataka mume akirudi akute moto palepale alipouacha, wakamcheka kijiji kizima, hakujali, mimi nitakaporudi Januari moto nitaukuta wapi, Namba Nne, nitauliza watu stesheni kama mgeni. Desemba niliichagua lini? Jumatatu. Barua kwa Urs niliiandika Jumatatu ile ya mwezi uliopita, nikaitia sanduku lile pale nje, na katibu kata alitangaza tarehe kumi na sita lini... Jumamosi, siku mbili kabla, Jumamosi mkutanoni, palepale Igalula, nilikuwepo, nilisimama nyuma na baiskeli yangu, wakatangaza shule, zahanati, bomba la maji, na naamini, naapa naamini, wanafunzi wangu nawafundisha hivyohivyo, nikapiga makofi. Nilipiga makofi! Mama yuko mbele kwenye mkeka na akina mama wenzake, hakugeuka. Basi Jumamosi nilijua, Jumatatu nikachagua, na Jumapili ya juzi nilipomwambia nitakuwepo barua ilishafika Ulaya siku nyingi. Nilimdanganya mama yangu huku natafuna karanga zake. Sikuchagua theluji mimi, nilichagua siku, nilitaka siku hiyo niwe mbali kadiri inavyowezekana, nisione paa likishushwa na vijana niliowafundisha mwenyewe ramani, watakaoniamkia, shikamoo mwalimu, halafu wapande juu wakate kamba, na mimi niseme nini, niendelee kupiga makofi? Naona aibu. Loo, naona aibu mpaka masikio yanawaka, mzee Lugembe hapa hajui kitu, anapuliza hewa puani, anakohoa ili foleni isogee, "Anwani tu hiyo mwalimu, si ya kwako hiyo?" ni ya mama, mzee, "Basi mama yako si unajua anakokaa?" najua, najua... na ile orodha ya lori niliiona mezani kwa katibu kata, jina, idadi ya watu, mbuzi, kuku, safu ya mtu wa kuarifiwa haimo, mwanamke wa miaka sitini na kitu anapakiwa na magoti yake mabovu na hawakumwuliza tukuarifie nani, wangemwuliza angesema jina langu hata kabla hawajamaliza, mwanangu, mwalimu, yuko Tabora, mwiteni. "Unatuma au hutumi?" anauliza Zamda, na ncha ya kalamu iko palepale, imeacha doa tu, tarehe kumi na sita itakuwa Jumatatu, watafika asubuhi, watatoa vyungu, watatoa kitanda, watasema mama panda, na hatapanda, namjua, atakaa juu ya kitanda chake huko nje uani na atawaambia kwa upole kabisa, wasubiri kidogo, Anselm amesema atakuwepo.