Wimbo Uliopigwa Pasi

Kiti cha Mama Pasi kilikuwa kimebonyea katikati, bonde la miaka kumi na tisa, na mtu mwingine akikikalia alijikuta ameinamia upande mmoja kama anayepewa siri. Kilipasuka mara mbili, na mara mbili alikishona mwenyewe kwa uzi mweusi, maana fundi wa viti angekichukua siku tatu, na siku tatu bila kiti ni siku tatu bila kazi. Alikaa hapo asubuhi, akasimama mchana kunyoosha magoti, akakaa tena mpaka jua lilipoondoka dirishani. Kuta za studio alizibandika trei za mayai na vipande vya magodoro chakavu ili kelele za nje zisiingie. Haziingii kweli. Ila kwa muda mrefu sasa hakukuwa na jipya lililotoka pia.

Jina la Pasi alipewa na wanamuziki. Wimbo ukiingia kwake na mikunjo, walisema, hutoka umenyooka. Pigo lililochelewa alilisogeza mahali pake, sauti iliyoteleza aliinyanyua, pumzi alikata, kikohozi alifuta. Kisha aliuvisha Sare. Sare lilikuwa jina la faili moja kwenye kompyuta yake: ngoma zile zile, besi ile ile, kinanda kile kile cha nyuma, vikimsubiri mwimbaji yeyote aje avivae. Nyimbo za harusi, za sabuni, za wagombea, za mapenzi yaliyovunjika, zote zilitoka mlango ule zimefanana kama watoto wa shule moja. Hakuna aliyelalamika. Nani ameenda kwa dobi akanuna kwamba shati lake limenyooka?

"Mama, leo nipigie kama ule wa juzi," alisema mwimbaji mmoja wa matangazo asubuhi ya Jumanne, bwana mnene mwenye sauti ya asali.

"Upi wa juzi?"

"Wowote."

Mama Pasi alicheka kwa pua, akafungua Sare. Masikio yake yalikuwa yakivuma kama mzinga, kama kawaida siku hizi. Alikuwa amechoka uchovu ule usioponywa na usingizi. Hata hivyo kazi ilikuwepo, watoto watatu wamesoma, na mwenye kazi hasusi kazi.

Tena kazi ilikuwa inaongezeka. Kituo kimoja cha redio kilitaka matangazo thelathini kila mwezi kuanzia Jumatatu ijayo, na matangazo thelathini yanahitaji watu wawili. Wa pili alishamchagua kichwani mwake: Kitinda, mtoto wake wa mwisho, aliyeshinda akipimisha watu fremu kwenye duka la miwani na jioni akijifungia chumbani kukwaruza vitu. Alikuwa amefunga nyaya za breki za baiskeli juu ya sinia la bati, akizivuta na kuzigonga, na majirani wawili walishauliza kama nyumba ile ina fundi bomba anayekaa humo humo.

"Nipe Jumapili moja tu, mama," Kitinda alikuwa amemwambia. "Gereji wamenipa zamu. Nikishindwa, Jumatatu naja kukaa kiti cha pili, na hutanisikia nikitaja sinia tena."

"Na ukishinda?"

"Redio watafute mtu mwingine."

Gereji aliijua. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, fundi magari aliyeitwa Spana alisogeza mikweche ukutani, akapanga chini viti alivyong'oa kwenye magari yaliyokufa, na watu wasiopigwa redioni wakaja kusikilizana. Sheria ilikuwa moja: usilete ulichokwisha kuleta, wala alichokwisha kuleta mwenzako. Anayekiuka hakuzomewa. Spana aliwasha tu lile feni kubwa la kukaushia rangi za magari, likanguruma mpaka mpigaji akakusanya vyombo vyake mwenyewe. Zamu ilisubiriwa mwaka mzima, na aliyewashiwa feni aliurudia mstari kutoka nyuma kabisa.

Mama Pasi aliijua sheria hiyo kwa sababu aliitunga yeye na wenzake wanne, miaka ile alipokuwa na jina lake. Aliwahi kupiga wimbo mzima kwa bomba la moshi na pampu ya tairi, na watu wakasimama. Hata ngoma ya Sare, jambo asilolijua mtu, ilikuwa boneti ya gari bovu aliyoipiga kwa ngumi humo humo gereji. Wiki ile mtoto wa kwanza alipoanza shule aliisafisha akaitumia kwenye tangazo la mafuta ya kupikia. Ikakubalika. Akaitumia tena. Ulimi ukionja tamu husahau njia ya kurudi, na sikio nalo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo Kitinda alipompa flashi na kumwambia, "Nipangie sauti tu, mama, vyombo visizidiane, kingine usiguse," aliitika vizuri. Hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Aliifungua Jumatano, kati ya mteja na mteja. Maji ya bomba. Kisu juu ya ubao. Sahani zikigusana. Juu yake zile nyaya za breki, zikilia kama mlango unaofikiria kufunguka. Alijikuta ameacha kuvuta kiti. Kitu kilimgusa hapa, chini ya koo, na kwa sababu hakukijua alikidhania njaa.

Chini kabisa kulikuwa na uchafu: mvumo mwembamba, ukipanda na kushuka, unachelewa nyuma ya pigo na wakati mwingine unapotea kabisa. Friji mbovu, alijisemea. Mtoto amerekodia jikoni, hakuzima friji. Vidole vikaanza kazi kabla ya kichwa. Akaukata mvumo, akazipanga sahani ziangukie mahali pake, akayabana maji yasiruke ruke. Dakika arobaini. Akahifadhi juu ya faili lile lile, kama alivyohifadhi kila siku ili mashine isijae, na mteja wa sabuni alipoingia akamrekodi humo humo kwenye flashi, kwenye nafasi iliyobaki. Alijisikia mama mwema.

Alhamisi jioni, baada ya kula, Kitinda alivaa hedifoni mezani. Mama Pasi alikuwa akikusanya sahani huku anamwangalia usoni, akisubiri shukrani.

"Mama, yule wa chini yuko wapi?"

"Yupi?"

"Anayeguna. Anayeimba mdomo umefumba."

"Aa, friji! Nimeitoa. Siku nyingine uizime kwanza."

Kitinda alivua hedifoni taratibu. "Mama, sisi hatuna friji tangu mwaka juzi."

Mama Pasi aligeuka akatazama kona ya jiko. Palikuwa na ndoo na fagio.

"Sasa ile ilikuwa nini?"

"Wewe."

"Mimi siimbi."

"Unaimba kila ukiosha vyombo. Ukigeuziwa uso unanyamaza. Nimekutega miezi mitatu, simu nyuma ya kopo la chumvi." Alisema kwa upole, na upole ndio uliouma. "Wimbo wote uliuzunguka huo mguno, mama. Nyaya zilikuwa zinakufuata wewe. Basi, si neno. Nirudishie tu ule wa kwanza."

Mama Pasi aliziweka sahani mezani moja moja, kana kwamba zimekuwa nzito.

"Uliufuta," alisema Kitinda.

"Nilihifadhi juu yake. Ndivyo ninavyofanya siku zote, unajua. Na wewe kwenye simu je?"

"Simu ilijaa, nikahamishia kila kitu kwenye flashi niliyokupa. Nilijua kwa fundi ni salama." Akaweka hedifoni mezani. "Na pale palipofutwa pamerekodiwa nini sasa?"

"Sabuni."

Kitinda angepiga kelele, wangegombana, wangemaliza. Hakupiga. Alisimama, akamwondoa mama yake mbele ya beseni kwa kumshika mabega, akaviosha vyombo vyote mwenyewe.

Ijumaa Mama Pasi alifunga studio mchana, jambo asilolifanya hata akiwa na homa. Alijaza beseni maji, akaliweka mbele ya kipaza sauti, akatia vikombe viwili, akaosha na kuguna. Akasikiliza. Mguno ulikuwa umenyooka, umesimama pale pale panapotakiwa, umeanza na pigo na kuisha na pigo. Akarudia, akijilazimisha kuchelewa. Ukatoka mguno uliochelewa kwa kujilazimisha. Mara ya tisa mikono ilikuwa imekunjamana kwa maji, na yeye ameelewa kitu ambacho hakutaka kukielewa: hata peke yake, mlango umefungwa, alikuwa anavaa Sare. Ule wa jikoni ulikuwa wa mtu mwingine, mwanamke aliyebaki akiishi chini yake miaka yote bila kulipiwa chochote, na alipomsikia mara ya kwanza alimdhania mashine mbovu.

Alimpelekea Kitinda ile ya tisa. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Huyu si yule. Huyu anajua anasikilizwa."

"Najua."

"Usijitese, mama. Nitapiga sinia mwenyewe pale pale, na sauti za jikoni zitakuwa nyuma. Kwenye sehemu yako nanyamazisha vyote. Naacha pengo."

"Pengo? Urefu gani?"

"Dakika moja na nusu."

"We mtoto! Watadhani mitambo imekufa. Spana atakuwashia feni kabla hujavuta pumzi."

"Awashe."

Jumapili alikwenda. Miaka kumi na mmoja hajakanyaga pale, na harufu ya grisi ilimpokea kama jamaa asiye na kinyongo.

"Loo! Pasi mwenyewe!" Spana alikuwa ameota mvi na kitambi, ila mdomo ni ule ule. "Jamani kaeni wima, msije mkanyooshwa."

"Mimi nimekuja kusikiliza tu."

"Hapa hakuna wa kusikiliza tu, sheria zako hizo. Kaa kwenye miksa, mwenye kuikalia leo anaumwa."

Akakaa. Mashine hiyo ya kupangia sauti ilikuwa kuukuu, imefunikwa vumbi la kusugulia rangi. Alichomeka vitu vyake, na mkono ukachomeka flashi ya Sare pia kwenye tundu la kitufe cha mwisho, kwa tahadhari. Fundi mzuri haendi kazini bila kitu cha kuzibia.

Wa kwanza alikuwa jamaa mwenye gitaa la umeme. Alipiga vizuri, na kila mtu akatambua amepiga kama yule wa mwezi uliopita. Spana aliinuka bila hasira akabonyeza swichi. Feni likanguruma, karatasi zikaruka, jamaa akainamisha kichwa akaanza kukunja waya. Mama Pasi alimtazama akipita kati ya viti.

Kisha Kitinda. Aliketi chini, sinia mapajani, hakusalimu mtu. Maji yakatoka kwenye spika, kisu, sahani, na nyaya zikaanza kulia juu yake. Watu waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Mama Pasi alishika vitufe na kuviacha kama vilivyo, akiona tayari wimbo unaelekea wapi.

Pengo likafika. Vyote vikakatika kwa mpigo mmoja.

Sekunde kumi. Kiti kimoja kikalia. Sekunde ishirini, vichwa vikaanza kugeuka, na havikugeukia kwa Kitinda, viligeukia miksa, kwa fundi. Spana alikuwa amesimama, kidole juu ya swichi, uso umejaa swali. Kidole cha Mama Pasi nacho kilikuwa juu ya kitufe cha mwisho. Kukisukuma kidogo tu, urefu wa ukucha, na boneti ile ya zamani ingeingia polepole chini ya ukimya, safi, ya kuaminika, na hakuna ambaye angemcheka mtoto wake. Labda wangepiga makofi. Na Jumatatu viti vingekuwa viwili.

Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa. Hakutazama nyuma. Alisubiri tu, mikono juu ya bati, kama mtu aliyemfungulia mgeni mlango na hataki kumharakisha.

Mama Pasi aliondoa kidole. Akachomoa flashi, akaitia mfukoni. Kisha hakujua mikono aipeleke wapi. Miksa ilikuwa chafu. Palikuwa na kitambaa pembeni, akakichukua, akaanza kufuta, kwanza kingo, kisha katikati ya vitufe, vumbi likitoka jekundu, jeupe, la bluu, rangi za magari yaliyokwisha kuondoka. Alifuta kwa mviringo, bila haraka. Mabega yalikuwa yanamuuma. Alikuwa amechoka sana, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuna aliyemtaka anyooshe kitu.

Spana alishusha mkono kutoka kwenye swichi. Mwanamke aliyekaa karibu na miksa aliacha kutafuna. Kule mbele waya mmoja wa breki ukalia, mdogo, umechelewa, kisha mwingine, zikifuata kitu.

Mama Pasi alifika kwenye kona, penye uchafu wa miaka, akakaza kitambaa. Palikuwa na mvumo mahali fulani, mwembamba, ukipanda na kushuka. Akaendelea kufuta, huku sikio lake, kwa mazoea, likijiuliza ni nani aliyewasha friji.