Chaki ya Ndaki

Darasa la Nne lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane, na kitabu kimoja cha sayansi. Kitabu hicho kililala kwenye begi la Mwalimu Vumilia, na kila asubuhi kilipotolewa hakikwenda mezani. Kilikwenda kwa Ndaki. Ndaki alipanda juu ya kiti, kitabu mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia, akauhamishia ukurasa mzima ubaoni ili wenzake wanakili, huku Vumilia akipita kati ya madawati kusahihisha madaftari. Hivyo ndivyo walivyofanya tangu Darasa la Tatu. Alikuwa mtoto wa miaka kumi, binti wa mama anayeosha mchanga wa dhahabu mwaloni kwa wachimbaji wadogo, nje kidogo ya Bugarama, lakini herufi zake zilikaa kwenye mstari kama mbayuwayu kwenye waya wa umeme: zimepangana, hakuna inayomkanyaga mwenzake.

Vumilia, mzaliwa wa Nyasubi pale Kahama, alikuwa na miaka minne kazini, na katika miaka hiyo yote hakupata jambo jingine la kujivunia. "Huyu akivuka Upimaji wa Darasa la Nne, hashikiki tena," aliwaambia walimu wenzake. Walimu walimtania kwamba kajizalia mtoto kwa chaki. Mama yake Ndaki hakutania. Kwenye kikao cha wazazi alisimama akasema lake: "Mimi ni mjane, mwalimu. Akifaulu, asome. Akifeli, kwangu hakuna kukariri darasa. Anakuja mwaloni."

Upimaji ulikuwa Oktoba. Mwezi wa nane, mkono ukaanza.

Ilikuwa Jumatatu, somo la mfumo wa chakula. Ndaki alipofika kwenye neno "utumbo", chaki ilianza kugonga ubao, ta-ta-ta-ta, kama kuku anayedonoa bati. Herufi moja ikapinda, ya pili ikalala.

"Mwalimu!" akadakia Makoye kutoka dawati la nyuma, yeye aliyekuwa mchekeshaji wa darasa. "Leo ubao una tetemeko la ardhi!"

Darasa likalipuka. Vumilia alikuwa na madaftari arobaini mikononi na njaa tumboni. Akasema bila kufikiri, ili na yeye awemo kwenye kicheko: "Vipi wewe Ndaki, umeamkia gongo?"

Watoto walicheka mpaka madawati yakalia. Ndaki hakucheka wala hakulia. Alishuka kwenye kiti, akaiweka chaki mezani, akaenda kuketi akiwa ameukalia mkono wake wa kulia kama mtu anayeficha kitu alichoiba. Kwa wiki tatu Makoye ndiye aliyeandika ubaoni, na darasa zima likanakili makosa yake.

Kuna maneno mtu huyatema kama maganda ya muwa, halafu huja kuyakanyaga mwenyewe akiwa peku. Lile la gongo lilikuwa mojawapo, ila siku ile Vumilia hakulijua.

Septemba wakafika kwenye somo la uzito. Shule haikuwa na mizani, basi Vumilia akatengeneza yake kwa henga ya nguo, kamba ya katani na vifuniko viwili vya ndoo ndogo za rangi. Akawaambia watoto: "Kesho kila mmoja alete kitu kidogo kuliko vyote na kizito kuliko vyote nyumbani kwao. Atakayeshinda, chaki ni yake wiki nzima." Alisema hivyo akimtazama Ndaki. Alitaka kumrudishia mtoto wake chaki bila kumwomba radhi.

Walileta nati za baiskeli, betri, kufuli, vipande vya nondo. Jiwe la Makoye, kubwa kama yai la kuku, lilivishinda vyote, na Makoye akasimama akapiga saluti. Ndipo Ndaki alipotoka mbele, akachomoa mfukoni kichupa cha dawa ya macho.

"Hicho nacho?" Makoye akabeza. "Hicho hata nzi anakibeba bila kutoa jasho."

Kichupa kikawekwa kwenye kifuniko. Jiwe la Makoye likapaa juu kama limefukuzwa.

Darasa likapiga kelele. Ndani ya kichupa mlikuwa na maji ya fedha, yenye kung'aa, yasiyolowesha kitu. "Ni zebaki," Ndaki alisema. "Mama anaiita dawa. Inakamata dhahabu kwenye mchanga." Vumilia, ambaye chuoni alisoma habari za zebaki katika mstari mmoja na hakuwahi kuiona kwa macho, alijimiminia tone kiganjani. Likatambaa kama kiumbe. Akalidondoshea mezani, likavunjika vishanga ishirini, na watoto wakavikimbiza kwa vidole. Mmoja alilamba kidole chake, wenzake wakamshangilia. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Ndaki alitabasamu, na mwalimu wake akaona hilo tu.

"Andika," akamwambia, akimpa chaki.

Ndaki akapanda kiti. Aliandika: Kitu kidogo kinaweza kuwa kizito. Maneno matano, na yalimchukua muda ambao Vumilia angesahihishia madaftari kumi. Herufi zilitawanyika ubaoni kama zimepigwa mawe. Safari hii hakuna aliyecheka, hata Makoye.

Kesho yake watoto saba walikuja na vichupa. Zawadi si ilikuwa chaki? Vumilia alivipanga dirishani, akavisifu kimoja kimoja. Saa nne akaingia Selestine, tabibu wa zahanati, amekuja kugawa dawa za minyoo. Akasimama mlangoni, macho yake dirishani.

"Nani kawaambia watoto walete vitu hivi?"

"Mimi," alisema Vumilia, na uso bado una furaha ya somo lililonoga.

Selestine alimtoa nje. Hakumkaripia, angemkaripia ingekuwa afadhali. Alimweleza polepole kwamba zebaki ikichomwa pamoja na dhahabu hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, na mvuke huo humwingia mtu mapafuni ukapanda mpaka kwenye mishipa ya fahamu. "Huwezi kuuona, mwalimu. Mikono ndiyo inayotoa siri. Una mtoto yeyote anayetetemeka?"

Vumilia aliugeukia mlango wa darasa, alikoketi Ndaki. Neno gongo likamrudia.

"Anapona?" aliuliza.

"Akitolewa kwenye ule mvuke, huenda. Lakini hesabu miezi. Usihesabu wiki."

Jioni ile Vumilia alikwenda kwa kina Ndaki. Jiko lilikuwa kibanda cha tope chenye mlango mmoja na bila dirisha. Mama Ndaki alikuwa amechutama mbele ya makaa. Juu ya makaa palikuwa na kijiko cha chuma, ndani yake kidonge cha kijivu, dhahabu iliyokamatwa na zebaki, na pembeni sufuria ya ugali. Ndaki alikuwa anapepea kwa mfuniko. Mkononi mwake mlikuwa na shanga nyeupe na nyeusi ambazo shuleni huzificha ndani ya mkono wa sweta.

"Shikamoo, Mama Ndaki."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani, ufunge mlango."

"Mama, huu moshi ndio unaomtetemesha mtoto."

Mama Ndaki akacheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mgeni. "Ng'o! Huyo kashikwa na bibi yake. Mama mkwe wangu alikuwa nfumu, mganga, alitibu watu mpaka Geita. Kabla hajaanza kutibu alitetemeka hivi hivi, mkono huu huu. Mtoto amechaguliwa, mayu. Hizo shanga tumemfunga wiki iliyopita, mbuzi tumeshaahidi."

"Bibi naye alichoma dhahabu?"

Mama Ndaki aliinamia makaa. Akageuza kijiko, na kijiko kikagonga ukingo wa jiko, ta-ta-ta. Vumilia akautazama ule mkono. Mama akauingiza chini ya kanga.

"Basi ametushika wote wawili," alisema.

"Mama, chomea nje basi. Nje upepo unauchukua."

"Nje!" Sasa alikasirika. "Nichomee nje, jirani aone nimepata, usiku nije kufunguliwa mlango kwa panga? Dhahabu huchomwa ndani, mlango umefungwa, na anayepepea awe wa damu yako. Wewe hukuzaliwa mwaloni, mwalimu. Usinifundishe."

Walibishana mpaka kidonge kikageuka rangi ya manjano. Vumilia hakushinda. Alichopata ni huruma tu: mama alichoka, akatazama uso wa binti yake, akasema, "Mchukue akae kwako mpaka mtihani upite. Kama mkono utatulia, nitajua si bibi." Ndaki akauweka mfuniko chini, akasimama. Mdogo wake Mageni, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akasogea bila kuitwa, akauokota, akaanza kupepea.

Vumilia alimwona. Tutamlaumu, lakini tuseme ukweli: mikono yake ilikuwa miwili na ilikuwa imemshika Ndaki. Alitoka naye, mlango ukafungwa nyuma yao.

Wiki tano Ndaki alilala kwa mwalimu wake, akala mayai, akanywa maziwa. Kila jioni aliandika jina lake mara ishirini. Kuna jioni jina lilisomeka, wakapika wali. Kesho yake likapasuka tena. Vumilia alikwenda ofisi ya kata kueleza habari za majiko ya mwaloni. Wakaandika kwenye daftari, wakamshukuru. Akaenda kwa Mwalimu Mkuu Boaz kumwombea Ndaki mtu wa kumwandikia majibu.

"Orodha ya wenye mahitaji maalumu ilishakwenda tangu mwezi wa tatu," alisema Boaz. "Mwezi wa tatu huyu mtoto alikuwa ndiye anayeandika ubao, Vumilia. Ningemwandika mlemavu wa nini?"

Siku ya Upimaji walikuja wasimamizi wa shule nyingine. Mwalimu wa darasa haruhusiwi kusogea. Vumilia alisimama kwenye ua wa minyaa, mbali, akiona tu kichwa cha Ndaki kimeinama na mkono wake wa kushoto umeukamata wa kulia kwa nguvu, kama watu wawili wanaopigana. Kengele ilipolia, msimamizi alizikusanya karatasi. Alipofika kwa Ndaki aliitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

Njiani kurudi nyumbani Ndaki alianza kusema peke yake. Ilimchukua Vumilia muda kutambua kwamba anataja majibu. Swali la kwanza, utumbo mwembamba. La pili, gramu mia saba na hamsini. La tatu, la nne, mpaka la mwisho, bila kukosea hata moja.

"Nilikuwa nayajua yote, mwalimu," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi angalau wewe umesikia."

Mama yake alimwacha kwa Vumilia mpaka matokeo, na Januari yakabandikwa. Kwa Ndaki palikuwa na E, na nyingine, na nyingine, zimeshukiana kama ngazi ya kuingilia shimoni. Mama yake alikuja kwa Vumilia asubuhi hiyo hiyo, Mageni akiwa ameshika pindo la kanga. Hakuja kwa shari.

"Mkono haukutulia, mwalimu. Nilikwambia ni bibi."

Vumilia alikuwa ameandaa maneno mengi. Miezi, siyo wiki. Selestine. Serikali. Lakini Ndaki alikuwa tayari ameshafunga nguo zake kwenye kitenge na amesimama mlangoni.

"Ndaki, unaweza kukataa. Kaa hapa. Tutarudia mwaka."

"Nikikaa hapa, anapepea Mageni," alisema Ndaki, kwa sauti ya mtu anayejibu swali rahisi. "Nimeongea na mama. Nitapepea mimi, Mageni aanze Darasa la Kwanza. Amekubali." Akaingiza mkono kwenye sweta akatoa kipande cha chaki, kifupi kama kucha, kile cha siku ya mizani. Mkono ulitetemeka sana hata kikamponyoka, kikavunjika sakafuni. Akaokota nusu yake, akampa mdogo wake. "Herufi zote anazijua. Nimemfundisha kwa kijiti, chini. Usimcheke akikosea, mwalimu."

Kisha akamtangulia mama yake barabarani, kuelekea mwaloni.

Vumilia alimchukua Mageni mpaka Darasa la Kwanza, akampandisha kwenye kiti mbele ya ubao. Mtoto akaandika a. Akaandika e. Herufi zikakaa kwenye mstari, zimepangana, hakuna inayomkanyaga mwenzake. Mwalimu wa darasa akapiga makofi, akamwita Vumilia aje aone vizuri.

Vumilia hakuangalia herufi. Aliangalia ule mkono mdogo, akausubiri uanze.